Fangasi kwenye micheri: kazi inaanza mti ukiwa umelala, dawa inafuata

Mtu akiona cheri zake zinageuka kahawia siku chache kabla ya kuchuma, anachokimbilia ni bomba la kupulizia. Namuelewa kabisa, hata mimi nishafanya hivyo, ila kwa pale maji yameshamwagika, manake uozo unaouona leo uliingia kitambo, mwingine uliingia mti ukiwa bado una maua, ukajificha ndani ya tunda likiwa bichi na gumu, ukasubiri sukari ipande ndo uamke. Ndo unakuta mtu anapuliza mara 3 mfululizo na bado anachuma matunda ya kuhesabu, na mwingine kapuliza kidogo tu anachuma mti mzima, na ukichunguza tofauti yao wala sio aina ya dawa, ni nani alifanya usafi na nani aliwahi.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: dawa nyingi za fangasi zinalinda, haziponyi. Zinakaa juu ya jani au ua zikisubiri kijimbegu cha fangasi kitue pale kiote kife. Kikishaingia ndani ya jani, basi, jani hilo halirudi kijani hata ulimwagie pipa zima. Zipo chache zinazoweza kumfuata fangasi ndani kwa siku moja mbili baada ya kuingia, ila nazo zina mipaka yake, nitazigusa huko mbele.

Hatua ya kwanza: jua unapambana na nani

Usiende kununua dawa kwa kusema tu "mti wangu una madoa". Simama chini ya mti, shika tawi, geuza jani uone na upande wa chini, kata kijitawi kilichokauka uangalie ndani. Dakika 10 tu lakini zinakuokolea msimu.

Anayesumbua zaidi ni uozo wa kahawia, unaoletwa na fangasi wa kundi la Monilinia. Huyu ana sura mbili na watu wengi wanadhani ni magonjwa mawili tofauti. Sura ya kwanza ni kwenye maua: ua linanyauka, linakuwa kahawia kama limeunguzwa na moto, halafu halidondoki, linabaki limening'inia pale pale, ugonjwa unateremka kwenye kikonyo mpaka kijitawi, majani ya ncha yanakauka, na pale chini unaona tone la gundi limetoka. Wengi wanasema ni baridi imepiga. Baridi ikipiga inapiga maua mengi kwa mkupuo na haiachi gundi wala haikaushi kijitawi hivyo. Sura ya pili ni kwenye tunda, doa dogo la kahawia ambalo kwa siku mbili tatu linameza cheri nzima, kisha linaota vijivimbe vya unga wa kijivu au rangi ya mchanga. Huo unga ndo vijimbegu vyenyewe, upepo kidogo au tone la mvua vinahamia kwa jirani, na kwa kuwa cheri zinakaa kwenye vichala, moja ikioza inayogusana nayo inafuata. Tunda lililooza likikauka linajikunja kuwa kama zabibu kavu nyeusi na linang'ang'ania mtini mpaka msimu mwingine. Hizo kavu zikumbuke, tutazirudia.

Wa pili ni madoa ya majani, fangasi anaitwa Blumeriella jaapii. Juu ya jani unaona vidoti vya zambarau vidogo, vinaongezeka, baadaye vinakuwa kahawia na jani lote linageuka njano na kudondoka. Ukigeuza jani wakati wa unyevunyevu unaona upande wa chini vijirundo vyeupe au vya pinki ya mbali. Huyu anaonekana mpole kwa sababu haozeshi tunda, watu wanamdharau, halafu katikati ya kiangazi mti umebaki uchi kama umeshaingia msimu wa baridi. Mti uliopoteza majani mapema hauna akiba, baridi ikija unaumia, na mwaka unaofuata maua yanakuwa ya kuhesabu. Cheri chachu ndo zinaumwa sana na huyu, hasa ile aina ya Montmorency.

Unga mweupe wenyewe unajulikana kwa macho, majani machanga yanajikunja na kuwa kama yamepakwa unga, na kwenye cheri tamu unaweza kupanda mpaka kwenye tunda. Huyu ni tofauti na wenzake, hapendi mvua za kumwagika, anapenda joto la wastani na hewa yenye unyevu bila majani kulowa sana, kwa hiyo msimu mkavu usikudanganye ukadhani umepona na fangasi wote. Mara nyingi anaanzia kwenye yale machipukizi yanayoota shinani na katikati ya mti kwenye kivuli.

Halafu kuna ugonjwa wa matundu, vidoti vinatokea kwenye jani, katikati panakauka panadondoka, jani linabaki limetobolewa kama limepigwa risasi za marisau. Na kuna jani la fedha, huyu ndo wa kuogopwa, nimemwekea sehemu yake mwishoni.

Kimoja cha kuwa makini nacho: gundi peke yake sio ushahidi wa fangasi. Micheri inatoa gundi kwa kila kitu, umeijeruhi kwa panga inatoa, mdudu ametoboa inatoa, na kuna donda la gome linaloletwa na bakteria aitwaye Pseudomonas syringae ambaye anatoa gundi nyingi, anaua matumba, anakausha matawi mazima, na dawa nyingi za fangasi hazimfanyi kitu. Ukikwangua gome pembeni ya gundi ukakuta chini yake pamekuwa kahawia na pana harufu ya uchachu, mshuku bakteria kwanza kabla hujaanza kupoteza hela.

Hatua ya pili: usafi, na hapa usiwe mvivu

Hapa ndo vita inapigwa. Mti ukishapukutisha majani na umelala, panda ngazi utoe kila cheri kavu iliyoning'inia. Kila moja. Najua inachosha na unaona ni kama kazi ya kitoto kuokota tunda moja moja, lakini kila kavu moja iliyobaki ikilowa mvua za mwanzo wa msimu inatema vijimbegu vingi mno, na inatema kwa wakati ule ule maua yanapofunguka, kama vile walipanga. Zilizodondoka chini nazo okota, manake zikifukiwa nusu nusu kwenye udongo wenye unyevu zinaweza kuotesha vijikombe kama uyoga mdogo wa kahawia, navyo vinarusha vijimbegu juu kwenye maua.

Vijitawi vilivyokufa kwa ule ugonjwa wa maua vikate sentimita 10 hadi 15 chini ya mahali palipokufa, yaani uingie kabisa kwenye mti mzima wenye rangi nzuri ndani. Ukikata pale pale kwenye mpaka umemwachia fangasi kambi. Ila kukata subiri siku kavu, nitaeleza kwanini. Vyote hivyo vichome, au vifukie chini, au kama kwenu kuchoma taka hakuruhusiwi vifunge kwenye mifuko viende kwenye taka. Usirundike pembeni ya shamba ukisema utachoma wikiendi, hiyo wikiendi haijagi.

Majani nayo. Fangasi wa madoa analala kwenye majani yaliyodondoka na kutoka humo ndo anaanza upya maua yakishaisha. Yafagie uondoe, au yapitishie mashine ya nyasi yasagike yaoze haraka. Ukiwa na miti mingi, kuna ujanja mzuri sana na wa bei ndogo: nyunyizia majani yaliyodondoka maji yenye urea asilimia 5, yaani gramu 500 za urea kwa lita 10 za maji. Urea inafanya vijidudu vya udongo viyale majani haraka na fangasi anakosa pa kulala. Kipimo hiki ni cha majani yaliyo chini, usithubutu kukipeleka kwenye mti wenye majani mabichi, utayaunguza.

Na angalia majirani. Mipichi, miplamu, miaprikoti na micheri pori yote ni ukoo mmoja na mcheri, fangasi wa uozo wa kahawia anahama humo bila kupiga hodi. Mti pori uliojiotea kwenye uzio ukazaa na hakuna anayeuchuma, huo ni kiwanda.

Kupogoa

Lengo ni moja, jani likilowa likauke haraka. Fangasi wengi wa cheri wanahitaji jani au ua likae na maji kwa muda ndo waingie, kwa madoa ya majani kwenye joto la wastani masaa 5 au 6 yanatosha, sasa fikiria mti umefungamana katikati, mvua imekata saa mbili asubuhi lakini ndani bado kumelowa mpaka mchana. Umemkaribisha kwa chai kabisa.

Fungua katikati. Toa matawi yanayopishana na kusuguana, yanayoelekea ndani, machipukizi ya shinani yote, na yale marefu yanayopanda wima kama fimbo. Usitoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja, mti ukishtuka unajibu kwa kuotesha fimbo nyingi laini na hizo ndo chakula cha unga mweupe.

Sasa wakati. Watu wamezoea kupogoa miti ya matunda wakati wa baridi imelala, kwa matofaa na mapeasi sawa, kwa mcheri hapana. Vidonda vya mcheri vilivyokatwa wakati wa baridi na unyevu vinapona polepole na huo ndo msimu ambao jani la fedha linarusha vijimbegu vyake, na bakteria wa donda naye yupo kazini. Pogoa kiangazi baada ya kuchuma, siku ambayo utabiri unakupa siku kavu kadhaa mbele. Kwa hiyo zile kavu za wakati wa baridi zitoe kwa mkono, na vijitawi vilivyokufa vikate ukishaviona tu msimu wa maua na baada ya hapo, ilimradi pawe pakavu.

Mkasi na msumeno vipanguse kwa spiriti ya asilimia 70 ukihama mti mmoja kwenda mwingine, na kwenye mti mgonjwa panguza kila baada ya kukata. Dawa ya klorini nayo inafaa, sehemu 1 kwa 9 za maji, ila inakula chuma, ukimaliza suuza upake mafuta. Kata karibu na ile kola ya tawi, yaani kivimbe pale tawi linapoungana na shina, bila kuacha kisiki na bila kulichuna shina. Rangi za kupaka kidonda mimi siziamini sana, zinafunika unyevu ndani, mkato msafi siku kavu unatosha.

Maji, mbolea, matandazo

Hii ni fupi. Mwagilia chini, usirushe maji juu ya majani, na umwagilie asubuhi ili kikilowa kitu kikauke mchana. Naitrojeni usizidishe, mti unakuwa na majani laini mengi na matunda yenye ngozi nyembamba. Matandazo weka sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kuzunguka. Na maji yawe ya mpangilio, mti ukikaa na kiu muda mrefu halafu ukapata maji mengi ghafla matunda yanapasuka, na cheri iliyopasuka kwa fangasi wa uozo ni mlango umeachwa wazi. Ndo maana wakulima wakubwa wanafunika miti kwa plastiki juu kuelekea kukomaa, inazuia kupasuka na inazuia uozo kwa pamoja. Kama una mti mmoja mfupi na wewe unaweza, ila pembeni acha wazi hewa ipite.

Ndege, nyigu na nzi wa matunda nao wanatoboa. Wavu mzuri una kazi ya udaktari pia.

Sasa dawa, na muda wake

Jina la dawa sio la kwanza, muda ndo wa kwanza. Nitaupanga kwa hali ya mti maana tarehe zinatofautiana mahali na mahali.

Majani yanapokaribia kuisha kudondoka, piga kopa, yaani dawa ya fangasi yenye madini ya shaba. Hii ni kwa ugonjwa wa matundu hasa na inapunguza bakteria. Unaweza kurudia mwanzoni mwa msimu kabla matumba hayajafunguka. Yakishafunguka achana na kopa, hasa kwa cheri tamu, inaunguza majani kukiwa na baridi na unyevu usiokauka haraka. Na usiifanye kuwa ya kila wiki, kopa haiozi, inajikusanya kwenye udongo mwaka hadi mwaka na minyoo ya ardhini inaumia.

Maua yakivimba yakaonyesha weupe lakini hayajafunguka, hapo ndo dawa ya kwanza ya uozo wa kahawia. Kama mvua inaendelea rudia yakichanua kabisa na tena petali zikidondoka. Kama hali ni kavu kavu na mwaka jana hukuwa na shida, moja au mbili zinatosha. Cheri chachu za kundi la Morello zinaumwa vibaya na ugonjwa wa maua, hizo usizicheleweshe. Wakati huu nyuki wapo kazini, kwa hiyo piga jioni wakishalala, chagua dawa ambayo lebo yake haiwakatazi, na usichanganye dawa ya wadudu humo ndani kwa sababu yoyote ile. Bila nyuki hutakuwa na cheri za kuoza wala za kutooza.

Petali zikishadondoka unaanza ratiba ya madoa ya majani na unga mweupe, kila siku 10 hadi 14, mvua zikizidi unashuka mpaka 7 hadi 10. Mvua inaosha dawa, kanuni ya mkulima ni kwamba ikinyesha milimita 25 hesabu nusu imeondoka, ikifika 50 hesabu huna kitu, rudia. Hizi ni zile dawa zinazokaa juu, zinazoingia ndani ya jani zinavumilia zaidi.

Wiki 3 kabla ya kuchuma rudi kwenye uozo wa kahawia, manake sukari inapanda na ngozi inalainika. Hapa soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kuna dawa za siku 0 na kuna za wiki kadhaa, na hiyo sio mapambo, ni chakula chako na cha watoto.

Na baada ya kuchuma. Hapa wengi wanakunja mikono, matunda yametoka basi tumemaliza. Kama mti wako huwa unapukutisha mapema, piga mara moja tena wiki 2 au 3 baada ya kuchuma, majani yabaki mpaka mwisho wa msimu yatengeneze akiba na maua ya mwaka kesho, manake matumba ya maua ya mwakani yanatengenezwa kiangazi hiki hiki.

Kuhusu dawa gani. Kaptani ni ya kukaa juu na ni ya matumizi ya kawaida, inafaa kwa uozo na madoa, kwenye unga mweupe haisaidii, na kuna aina chache za cheri tamu ambazo majani yake hayaipendi kwa hiyo jaribu tawi moja kwanza. Salfa inafaa kwa unga mweupe na inasaidia kidogo kwa uozo. Potasiamu baikaboneti nayo ni ya unga mweupe, nzuri kwa anayekwepa dawa kali. Fenheksamidi ni ya maua na matunda. Tebukonazoli na maiklobutanili zinaingia ndani ya jani, ndo zile nilizosema zinaweza kumfuata fangasi siku moja mbili baada ya kuingia, na mchanganyiko wa boskalidi na piraklostrobini ni mpana, unashika karibu wote. Zile za bakteria wazuri, Bacillus subtilis, zinasaidia ugonjwa ukiwa mdogo, ukishakuwa mkubwa usizitegemee peke yake. Ila sheria ni tofauti kila nchi na zinabadilika, mfano klorothalonili ilikuwa ya kawaida kabisa kwa micheri halafu Umoja wa Ulaya ukaifuta, matumizi yakaisha 2020, kwa hiyo usinunue kwa kumbukumbu ya babu, soma lebo ya leo na uone imeandikwa cheri.

Usugu, yaani fangasi kuizoea dawa mpaka isimfanye kitu, ndo mtego mwingine. Kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi, tebukonazoli na maiklobutanili zote ni kundi la 3, piraklostrobini ni la 11, boskalidi ni la 7. Mtu anabadilisha jina la dawa kila wiki anadhani anazungusha, kumbe yote ni kundi la 3, amebadilisha chupa tu. Huko Michigan Marekani ambako cheri chachu zinalimwa kwa wingi, fangasi wa madoa ameshakuwa sugu kwa kundi la 3 kwenye mashamba mengi. Usipige kundi moja zaidi ya mara 2 mfululizo, na changanya au zungusha na kaptani au salfa, hizo usugu wake ni mgumu kutokea.

Salfa ina ukorofi wake. Niliwahi kuipiga mchana wa jua kali nikijiona mchapakazi, kesho yake majani ya juu yote yameungua kingo kama yamepitishwa kwenye jiko. Ikizidi nyuzi 30 usipige, na kama umepuliza mafuta ya miti, yale ya kuua wadudu, subiri wiki 2 ndo salfa iingie, vikikutana vinaunguza.

Upulizaji wenyewe: jaza maji matupu kwanza ujue mti wako unameza lita ngapi, ndo upime dawa. Anzia ndani kwenda nje, chini ya majani usisahau, ukiona maji yanaanza kudondoka acha, umetosha. Upepo ukiwepo ahirisha. Glavu, miwani, barakoa na nguo ndefu, na hizo nguo usizifue na za familia.

Ukitaka kujitengenezea kopa mwenyewe

Hii ni ile ya zamani ya Bordeaux huko Ufaransa, ya mrututu na chokaa, tangu miaka ya 1880 inafanya kazi. Kwa lita 10 unahitaji gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, mpya, sio mfuko uliokaa wazi mwaka mzima. Tumia ndoo za plastiki tupu, chuma hapana, mrututu unakula chuma.

Loweka mrututu kwenye lita 5 za maji mpaka uishe kabisa, ukiufunga kwenye kitambaa ukauning'iniza juu juu ndani ya maji unayeyuka haraka kuliko ukiutupa chini. Ndoo nyingine koroga chokaa kwenye lita 5. Kisha mimina mrututu polepole ndani ya chokaa huku unakoroga, usifanye kinyume. Itakuwa bluu ya anga nzuri tu. Sasa chovya msumari msafi au kisu cha chuma kwa dakika moja, ukitoka na rangi ya shaba bado ni kali, ongeza chokaa kidogo ujaribu tena, ukitoka safi iko tayari. Chuja kwa kitambaa isije ikaziba bomba, tumia siku hiyo hiyo, ikilala imeharibika. Na ni ya mti uliolala tu, sio wenye majani.

Siku ya kuchuma

Chuma pakavu. Beba ndoo mbili, moja ya nzuri na moja ya mbovu, na mbovu usizitupe chini ya mti, hilo ni kosa ambalo kila mtu analifanya akiwa na haraka. Ila usizichume kwa mkono ule ule unaoshika nzuri kama unga wa kijivu umeshatoka, chuma nzuri zote kwanza ndo urudi kwa mbovu. Usizioshe kabla ya kuhifadhi, ziweke kwenye baridi mapema kadiri unavyoweza, karibu na nyuzi 0 fangasi anakuwa karibu amesimama, osha unapotaka kula.

Jani la fedha, na mti wa kuaga

Nimemwacha mwisho kwa sababu hana dawa ya kupuliza. Fangasi anaitwa Chondrostereum purpureum, anaingia kwenye kidonda, anakaa ndani ya mti, na sumu yake inapanda na maji mpaka kwenye majani, ngozi ya jani inaachana na nyama yake hewa inaingia katikati ndo jani linang'aa kama risasi au fedha. Majani yenyewe hayaambukizi, tatizo liko ndani ya tawi.

Kabla hujalia hakikisha. Kata tawi lenye unene wa sentimita 2 na nusu au zaidi lililo na majani ya fedha, lowesha pale ulipokata. Ukiona doa jeusi au kahawia katikati ya mti ni yeye. Kama ndani ni safi, na hasa kama mti mzima umekuwa wa fedha kwa wakati mmoja, inaweza kuwa ni fedha ya uongo, mti umechoka tu kwa ukame au njaa, upe maji na mbolea ya wastani utarudi.

Akiwa ni yeye, kiangazi, siku kavu, kata tawi hilo urudi nyuma mpaka ndani paonekane pasafi, halafu uongeze sentimita 15 zaidi. Mara nyingine tawi moja linatoka na mti unapona kabisa, kwa hiyo usikimbilie shoka. Lakini ukiona shinani kumeota vijisahani vya uyoga vya zambarau vimepangana, huyo ameshamaliza kazi, na hivyo vijisahani ndo vinarusha vijimbegu kwa miti mingine. Vivyo hivyo kama chini ya gome la shina ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga na kamba nyeusi kama za viatu kwenye udongo, huo ni uozo wa mizizi wa Armillaria, nao hauna tiba.

Kwa hao wawili ng'oa na kisiki chake na mizizi minene yote unayoipata, kuni zake usizirundike karibu na miti mingine wala usizisage kuwa matandazo. Mcheri mpya upande kwingine, mita kadhaa mbali na lile shimo, nafasi kati ya mti na mti iwe ya kutosha hewa kupita wakishakua, na kama kwenu ni kwa mvua nyingi na unataka cheri chachu, ulizia North Star au Meteor, hizo zinavumilia madoa ya majani kuliko Montmorency.